Pembe Moja Inatosha: Mstatili Ndani ya Parabola

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliojazana huko mbele na madaftari ya grafu: wanaostahili shikamoo nawapa, na wengine hamjambo.

Nimepewa saa moja na ubao mmoja. Nilipoulizwa nitazungumzia nini nikajibu, swali moja. Mwenyeji wangu akacheka akidhani natania. Sikutania. Nimekuja na swali moja la hesabu, halifiki hata mistari mitatu, na nina wasiwasi kuwa saa haitatosha. Nalisoma polepole.

Mstatili umekaa juu ya mhimili wa x. Pembe zake mbili za chini ziko kwenye mhimili huo, na pembe zake mbili za juu zinagusa parabola y = 12 − x². Tafuta eneo kubwa kabisa linalowezekana la mstatili huo.

Basi, ndiyo yote. Naona kalamu zimeshaanza kukimbia huko mbele. Naomba mziweke chini kidogo. Miaka yote niliyofundisha, wanafunzi walioshindwa swali hili mbele yangu hawakushindwa hesabu, maana hesabu zake ni za kuzidisha na kutoa. Walishindwa kwa sababu hawakulitazama. Mkono ulitangulia, jicho likabaki nyuma.

Kwa hiyo tutazame kwanza. Parabola ni mstari uliopinda kama tao. Chukua karatasi ya grafu. Weka x sifuri, y ni 12. Hicho ndicho kilele. Weka x moja, y ni 11. Weka mbili, ni 8. Weka tatu, ni 3. Ukitaka kujua inapogusa sakafu, yaani y inapokuwa sifuri, x² lazima iwe 12, kwa hiyo x ni kipeuo cha pili cha 12, yaani 3.46 hivi. Unaona inavyoanguka? Hatua ya kwanza imeshuka moja, ya pili imeshuka tatu, ya tatu imeshuka tano. Inaanza kwa upole kisha inaporomoka. Hiyo ndiyo tabia ya parabola, na tabia hiyo ndiyo itakayotuamulia swali.

Sasa ikunje karatasi kwenye mhimili wa y, uinue kwenye mwanga. Mkono wa kushoto wa parabola unalala juu ya mkono wa kulia bila kupishana hata unywele. Sababu ni kwamba 2 na hasi 2 zote zikipandishwa kipeo cha pili zinatoa 4. Parabola haijui kushoto wala kulia. Na kwa kuwa upande wa juu wa mstatili umelala sawa na sakafu, pembe zake mbili za juu zina kimo kimoja, hivyo lazima zilingane umbali kutoka katikati. Ukiijua ya kulia, ya kushoto umeshaijua. Za chini nazo ziko moja kwa moja chini yake. Kwa hiyo ninapowaonyesha pembe moja tu, ile ya juu kulia, nimewaonyesha mstatili mzima. Shikeni hapo, maana leo sina jambo jingine la kuwaambia zaidi ya hilo. Mengine yote yatatoka humo.

Weka kidole kwenye kilele, kwenye nukta (0, 12), ukiteremshe polepole kwenye mkono wa kulia wa parabola, na kila kidole kinaposogea uuone mstatili unavyobadilika. Mwanzoni kabisa ni mrefu na mwembamba kama uzi: kimo 12, upana karibu na hakuna. Eneo lake ni sifuri. Kidole kikiteremka, mstatili unanenepa na kufupika. Mwishoni, kidole kinapofika sakafuni, umekuwa mpana kama mkeka na kimo chake kimekwisha. Eneo ni sifuri tena. Umeanza na sifuri, umemaliza na sifuri, na katikati kulikuwa na kitu. Basi kuna mahali njiani eneo lilipanda likafika kileleni, kisha likaanza kushuka. Hatujaandika mlinganyo hata mmoja, lakini tumeshajua kwamba jibu lipo na kwamba haliko kwenye ncha. Mimi naona hiyo ni nusu ya kazi. Wenzangu wengine wataniambia naongeza chumvi, tutabishana tukitoka.

Sasa namba. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mwanafunzi akisikia neno eneo, anaandika upana mara kimo, anajikuta ana vitu viwili visivyojulikana na hajui ashike kipi. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alitoa kitabu chake cha jometri, na faida yake kwetu leo ni hii: nukta inaweza kuandikwa kwa namba, na mchoro unaweza kuandikwa kwa mlinganyo. Pembe yetu ni nukta (x, y). Lakini haiko huru kwenda itakako. Imefungwa kwenye parabola kama mbuzi kwenye kamba. Ukishataja x, basi y lazima iwe 12 − x². Vitu viwili vimekuwa kimoja. Upana unatoka x upande wa kushoto hadi x upande wa kulia, kwa hiyo ni 2x. Kimo ni 12 − x². Eneo, nitaliita E:

E = 2x(12 − x²) = 24x − 2x³

na x iko kati ya 0 na kipeuo cha pili cha 12. Msilisahau hilo la mwisho. Mlinganyo wenyewe hauna adabu, ukiupa x ya 100 utakujibu eneo la hasi; mwenye kukumbuka kuwa huo ni mstatili ni wewe.

Hapo kwenye 2x nina kidonda cha zamani. Nilipokuwa mwanafunzi nililetewa swali hili hili kwenye jaribio. Nikaandika upana ni x. Nikapiga hesabu yangu safi, nikapata x ni 2, nikaona rafiki yangu naye kapata 2, nikatulia moyo. Karatasi ikarudi na mstari mwekundu. Nilikuwa nimeandika eneo 16, na jibu ni 32. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kosa lilijificha. Ukizidisha kitu kizima kwa mbili, mahali pa kilele hapabadiliki. Kilele kinapanda tu mara mbili. Kwa hiyo x yangu ilikuwa sahihi, nikidhani ni ushahidi kwamba kila kitu ni sahihi. Nilikuwa nimechora nusu ya mstatili, ile ya kulia, na ile ya kushoto nikaiacha mlangoni.

Turudi kwenye E. Kabla ya ujanja wowote, jaribu namba. x ikiwa 1, E ni 22. Ikiwa 1.5, ni 29.25. Ikiwa 2, ni 32. Ikiwa 2.5, ni 28.75. Ikiwa 3, ni 18. Inanusa kama kilele kiko kwenye 2. Sogea kidogo uhakikishe: 1.9 inatoa 31.882, na 2.1 inatoa 31.878. Tazameni hizo namba mbili. Nimesogeza pembe kwa sehemu moja ya kumi, na eneo limepungua kwa kama 0.12 tu. Nikisogeza kiasi kile kile kutoka 3 kwenda 3.1, eneo linatoka 18 linaanguka hadi 14.82 hivi. Kando ya kilele, kuteleza kidogo hakukugharimu karibu kitu. Mbali na kilele unalipia kila hatua. Johannes Kepler, mwanafalaki Mjerumani, aliliona hilo mwaka 1615 alipoandika kuhusu mapipa ya mvinyo. Alikuwa amenunua mvinyo kwa ajili ya harusi yake ya pili, akakasirishwa na mfanyabiashara aliyepima pipa kwa kutumbukiza kijiti tu, basi akaenda kuuliza ni pipa la umbo gani hubeba zaidi. Hasira ya mteja mmoja ikatuachia hoja tunayoitumia hadi sasa.

Lakini kunusa si kuthibitisha. Nani kasema kilele hakiko kwenye 1.99? Hapo ndipo wengi wenu mnakimbilia kalkulasi, ile hesabu ya namna vitu vinavyobadilika, na sina ugomvi nayo. Ila nataka mwone ilivyokuwa kabla ya kuwa kanuni ya kukariri. Pierre de Fermat, aliyekuwa mtu wa sheria kule Toulouse na hesabu akizifanya kwa mapenzi, alitumia njia kama hii. Kama x iko kileleni, basi x iliyoongezwa kadogo, tuseme e, inapaswa kutoa eneo lile lile, karibu kabisa. Andika 24(x + e) − 2(x + e)³, toa 24x − 2x³. Kinachobaki ni

24e − 6x²e − 6xe² − 2e³

Gawanya kote kwa e: 24 − 6x² − 6xe − 2e². Sasa e ni kadogo sana, iache ipotee. Imebaki 24 − 6x², na kileleni hiyo lazima iwe sifuri. x² ni 4, x ni 2. Mwanafunzi wa kidato cha juu atatambua kwamba hiyo 24 − 6x² ndiyo anayoipata kwa mstari mmoja. Fermat na Descartes walikwaruzana vibaya kwa barua kuhusu njia hii, Descartes akidai haijasimama sawasawa. Tukisema kweli, kuigawanya e na baadaye kuitupa kama maganda kunahitaji maelezo, na maelezo hayo yalichukua muda mrefu kukamilika. Jibu lakini lilikuwa sahihi.

Kwa wale ambao kalkulasi bado hawajaifikia, na hata kwa waliofika, nina njia ninayoipenda zaidi. Umeshashuku kuwa kilele ni 32. Basi usitafute kilele; uliza ni kiasi gani kimepungua kufika 32.

32 − E = 2x³ − 24x + 32 = 2(x − 2)²(x + 4)

Kama hamniamini, fungueni mabano mkiwa nyumbani. Sasa soma upande wa kulia kama unavyosoma sentensi. (x − 2)² ni kitu kilichojizidisha chenyewe, hakiwezi kuwa hasi. (x + 4) ni chanya, maana x yetu ni chanya. Kwa hiyo 32 − E haiwi hasi kamwe. E haivuki 32 hata ikijitahidi. Na pengo linakuwa sifuri mahali pamoja tu, x ikiwa 2. Hakuna e ya kutupa, hakuna cha kubishania. Kasoro yake ni kwamba lazima uwe umeshalishuku jibu, ndiyo maana lile jedwali la majaribio halikuwa kazi bure.

Mara nyingine naona mtu kafika x = 2 akapiga mstari chini na kuandika jibu. Ndugu yangu, ulichoulizwa ni eneo. Pembe iko kwenye (2, 8), upana ni 4, kimo ni 8, eneo ni 32. Na kama swali lingeuliza mzingo mkubwa kabisa, usidhani ungekuwa mstatili huu huu. Mzingo ni 4x + 2(12 − x²), na ukiupanga vizuri unakuwa 26 − 2(x − 1)². Kilele chake kiko kwenye x = 1: mstatili mwembamba, upana 2 na kimo 11, mzingo 26. Wenye eneo kubwa una mzingo wa 24 tu. Neno moja kwenye swali likibadilika, mstatili mwingine kabisa.

Naona binti pale mstari wa pili ameinua mkono muda mrefu. Sema mwanangu.

Anauliza: "Mwalimu, mbona jibu si mraba? Tulifundishwa mraba ndio wenye eneo kubwa."

Nashukuru sana, nilikuwa naomba mtu aulize. Mlifundishwa kweli, lakini kulikuwa na sharti. Ukipewa mzingo uliokwisha kupangwa, mraba unashinda. Ukiambiwa mstatili ukae ndani ya duara, mraba unashinda pia. Hapa hatujapewa mzingo wala duara, anayetubana ni parabola, na yeye ana sheria zake. Tuujaribu huo mraba wako. Upana uwe sawa na kimo: 2x = 12 − x². Ukitatua, x ni kipeuo cha pili cha 13, kisha utoe 1, yaani 2.61 hivi, na eneo ni kama 27.16. Si haba, ila haufikii 32. Umeteremka mno kwenye mkono wa parabola, na huko, kumbuka, inaporomoka. Upana ulioongeza ni mdogo kuliko kimo ulichopoteza.

Lakini usikate tamaa na mraba wako. Badala ya 12 weka 3, yaani y = 3 − x². Piga hesabu ile ile: pembe bora inakuwa (1, 2), upana 2, kimo 2. Mraba! Kwa hiyo mraba hutokea, ila kwa bahati ya namba. Kisichobadilika ni kitu kingine. Weka kilele chochote, kiite a. Kimo cha mstatili bora ni theluthi mbili za a, daima. Kwenye 12 ni 8, kwenye 3 ni 2. Ukitaka kuuchora mstatili bora bila hesabu yoyote, gawanya kimo cha parabola mara tatu na ukate kwenye alama ya pili kutoka chini.

Na hapo Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, anabisha hodi. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kabla hata hakujawa na mhimili wa x wa mtu yeyote, alithibitisha kuwa eneo lililofungwa na parabola na mstari unaoikata ni mara nne juu ya tatu ya pembetatu yenye kitako na kimo hicho hicho. Kwa parabola yetu pembetatu ni 41.57 hivi, kwa hiyo eneo lote chini ya tao ni 55.43 hivi. Mstatili wetu wa 32 umechukua karibu asilimia 58 ya hilo. Sehemu hiyo kamili ni moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha 3, na haijali a ni ngapi. Parabola ndefu kama mnara au bapa kama sahani, mstatili bora unachukua sehemu ile ile.

Mwenye saa ananikonyeza. Nina jambo la mwisho, na hili lichoreni, msilisikilize tu.

Rudini kwenye pembe yetu (2, 8). Chora mstari y = 16 − 4x. Unapita kwenye (0, 16) juu na (4, 0) chini. Toa parabola kutoka kwenye mstari huo: 16 − 4x − (12 − x²) ni (x − 2)². Haiwi hasi. Maana yake mstari uko juu ya parabola kila mahali, na unaigusa mahali pamoja tu, kwenye pembe yetu. Chora na mwenzake wa kushoto, uwe na hema, parabola ikiwa imelala ndani yake. Mstatili wowote unaoingia chini ya parabola umeingia chini ya hema. Basi tuulize swali jepesi zaidi: mstatili mkubwa kabisa ndani ya hema ni upi? Eneo lake ni 2x(16 − 4x), nayo ni 32 − 8(x − 2)². Mkubwa kabisa ni 32, kwenye x = 2, na pembe yake ni (2, 8), ambayo tayari iko juu ya parabola. Hema lenyewe, ambalo ni kubwa kuliko parabola, limeshindwa kupita 32. Parabola iliyo ndani yake itapitaje?

Hakuna kipeo cha tatu, hakuna kalkulasi, na tumefika pale pale kupitia pembe ile ile. Walio na rula, kama mchoro wenu una sentimita moja kwa kila kizio, pimeni ukuta wa hema kutoka juu kabisa hadi kwenye pembe, kisha kutoka kwenye pembe hadi sakafuni. Mtapata sentimita 8 na robo hivi, na tena 8 na robo.